Zimwi Lichaguapo wa Kumla: Candyman ya 2021 Mbele ya Hadhira ya Lodwar na Kakuma

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipa filamu kisogo, na filamu ya kutisha umeipa kisogo mara mbili. Mhakiki wetu huona fahari kuchambua Nagona na Mzingile za Kezilahabi, riwaya ambazo ndani yake mpaka wa uhai na kifo hauonekani vyema, lakini giza hilo hilo likitokea katika kiwambo cha sinema huliita upuuzi wa vijana. Mgawanyo huo haujapata kunishawishi. Mazimwi yalikuwa mali ya fasihi simulizi kabla hayajawa mali ya Hollywood, na mtu anayefundisha ngano darasani hana sababu ya kuyakimbia anapoyakuta yamevaa nguo za kigeni. Katika insha hii nakusudia kuijadili filamu moja ya aina hiyo, Candyman ya mwaka 2021, ambayo niliitazama mara mbili katika Kaunti ya Turkana mwaka 2022: kwanza Lodwar pamoja na darasa langu, kisha Kakuma katika kibanda cha video. Sikuipenda. Hata hivyo, naamini sababu zangu za kutoipenda zinagusa suala kongwe la ujumbe katika sanaa, ambalo sisi walimu wa fasihi tumelijibu kwa wepesi mno.

Kwanza nasaba ya filamu yenyewe. Mwaka 1992 mwongozaji Bernard Rose alichukua hadithi fupi ya Clive Barker, The Forbidden, ambayo mandhari yake ni mtaa wa makazi ya umma nchini Uingereza, akaihamishia Chicago, katika majumba marefu ya Cabrini-Green walimoishi maelfu ya Wamarekani weusi maskini. Mhusika mkuu ni Helen Lyle, mwanafunzi mzungu wa shahada ya juu anayekusanya masimulizi juu ya pepo mwenye kulabu mahali pa mkono, ambaye hutokea mtu akitaja jina lake mara tano mbele ya kioo. Kwa maneno mengine, ni filamu kuhusu utafiti nyanjani wa fasihi simulizi. Mtafiti ana kinasasauti, ana mashaka, ana haraka ya kuchapisha. Yeyote aliyewahi kuongoza wanafunzi katika kazi ya aina hiyo atamtambua mara moja. Pepo huyo, aliyeigizwa na Tony Todd (aliyefariki 2024), alikuwa zamani mchoraji, mwana wa mtumwa, aliyependana na binti wa kizungu. Kundi la watu lilimkata mkono, likampaka asali, nyuki wakamuua. Miendelezo ya 1995, iliyohamia New Orleans, na ya 1999 haina haja ya kutuchelewesha.

Ya 2021 ni jambo jingine. Iliongozwa na Nia DaCosta, ambaye aliiandika pamoja na Jordan Peele na Win Rosenfeld, na kwa filamu hiyo alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu iliyoshika nafasi ya kwanza katika mauzo ya tiketi Marekani. Ilikuwa itoke 2020, ikacheleweshwa na janga la korona, na katika kuchelewa huko George Floyd akauawa na polisi mjini Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020. Watu waliokuwa barabarani wakitaja majina ya waliouawa walikuwa wakisubiri, bila kujua, filamu ambayo mwiko wake mkuu ni kutaja jina. Sidhani kama kuna filamu ya kutisha iliyowahi kupewa na historia nafasi kubwa kama hiyo. Tena filamu ya 1992, pamoja na ubora wake, ilikuwa na kasoro iliyokuwa wazi: masaibu ya watu weusi yalionwa kwa macho ya mzungu, nao wenyewe wakabaki mandhari ya safari yake. Sasa kisa kilirudi mikononi mwa wenyewe. Nilikaa kitini nikiwa upande wa filamu hii kabla taa hazijazimwa.

Kisa chake ni hiki. Mtoto mchanga aliyetekwa katika filamu ya kwanza sasa ni mtu mzima, Anthony McCoy, mchoraji anayeishi na mwenzake Brianna katika nyumba ya kifahari iliyojengwa pale pale ilipokuwa Cabrini-Green. Jumba refu la mwisho la mtaa ule lilibomolewa 2011. Zimebaki nyumba chache za chini za matofali, na nyingi kati ya hizo hazina watu. Anthony amekaukiwa na mawazo ya kuchora. Anasikia kisa cha Helen, anakwenda kupiga picha mabaki ya mtaa, anaumwa na nyuki, kisha anakutana na Burke, mwenye duka la kufulia nguo, mkazi wa zamani anayekumbuka kila kitu. Kuanzia hapo mwili wa Anthony unaoza kidogo kidogo na watu wanaotaja jina mbele ya kioo wanauawa: mwenye nyumba ya maonyesho ya sanaa na mpenzi wake, mhakiki wa sanaa, kundi la wasichana wa shule, na hatimaye askari polisi.

Wiki moja kabla niliwaonyesha wanafunzi wa Lodwar filamu ya 1992, katika somo la fasihi simulizi. Tuliitazama usiku, kwa kuwa mchana hakuna pazia linaloweza kulizuia jua la Lodwar. Walikuwa takriban thelathini, wengi wao Waturkana, wengine kutoka Pokot, Trans Nzoia na Bungoma. Kuna tukio ambalo Helen, akiwa nyumbani kwake katika jengo la watu wenye nafasi, anaeleza kwamba jengo hilo hapo awali lilijengwa kwa ramani ile ile ya Cabrini-Green, kisha likapakwa lipu na kuuzwa kwa bei kubwa. Anaondoa kabati lenye kioo bafuni, na nyuma yake hakuna ukuta. Kuna tundu linaloingia nyumba ya pili. Ndivyo wauaji walivyoingia kwa marehemu wa Cabrini-Green. Rose hakulibuni jambo hilo: mwaka 1987, katika mtaa mwingine wa makazi ya umma mjini Chicago, mwanamke mmoja aliuawa na watu walioingia kwake kupitia tundu la kabati la bafuni, baada ya kuomba msaada kwa simu, na gazeti la Chicago Reader likaandika habari hiyo kwa kirefu. Ukumbi wa Lodwar ulinyamaza. Hapana mhusika aliyesimama kuhutubu juu ya tabaka na rangi. Ramani ya nyumba ilihutubu. Aliye salama na asiye salama wametenganishwa na kioo tu, na kioo hicho kimeshikwa na misumari minne.

Tulipoitazama ya 2021 walicheka. Sisemi hivyo kwa dharau. Kicheko cha hadhira ni hoja ya kihakiki, na mimi hukiheshimu kuliko makofi. Mwanzoni walitulia, hasa nyuki alipomuuma Anthony. Kisha wahusika wakaanza kuzungumza. Wanakaa na glasi za divai na kuelezana jinsi wenye fedha wanavyojenga mitaa ya maskini, wanavyoiacha ioze, na wanavyorudi kuibomoa na kujijengea. Mhakiki wa sanaa anamwambia Anthony kwamba wasanii wenyewe ndio watangulizi wa uporaji huo. Burke naye anafafanua kwamba pepo si mtu mmoja. Ni mzinga mzima wa nyuki, yaani kila mtu mweusi aliyeuawa bila hatia, na kwamba kisa chake ni njia ya jamii kubeba maovu ambayo hayajakoma. Yote hayo ni kweli. Ningeyapa alama nzuri katika insha ya mwanafunzi. Lakini Burke alipomaliza kufafanua, kijana mmoja wa Kiturkana aliyekaa nyuma alisema kwa sauti, "Mwalimu, huyu si ekapilan. Huyu ni askari wa akiba." Ndipo darasa zima likaangua kicheko.

Maneno hayo yanahitaji kupambanuliwa kwa msomaji wa mbali. Ekapilan ni mchawi katika lugha ya Kiturkana, mtu wa kuogopwa, tofauti na emuron, mwaguzi anayeoteshwa ndoto na kuheshimiwa. Kinachomfanya ekapilan aogopwe, kama wanafunzi wenyewe walivyonieleza baadaye, ni kwamba yeye ni jirani, pengine jamaa, na humjui. Askari wa akiba ni yule mtu wa kijijini aliyepewa bunduki na serikali ili alinde mifugo dhidi ya wavamizi. Anajulikana jina, anajulikana ukoo, na inajulikana bunduki yake inaelekea wapi. Kijana yule alikuwa amehesabu maiti za filamu. Mwenye nyumba ya maonyesho ni mzungu. Mhakiki ni mzungu. Wasichana wanaokufa ni wale waliomwita pepo kwa mzaha, na msichana mweusi aliyejificha chooni anasalimika. Askari wanaokufa ni wauaji. Pepo haui mtu ambaye filamu haijamhukumu tayari.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hufundishwa kana kwamba ni ya faraja, nami naona ni ya kutisha. Haisemi kwamba zimwi halitakula. Inasema litakula na kubakisha. Katika filamu ya 1992 wakazi wa Cabrini-Green ndio waliomwogopa pepo kuliko wote, ijapokuwa alikuwa mtu wa damu yao, mwenye madai yao, aliyeuawa kwa ajili ya rangi yao. Aliwala wao. Hapo ndipo ujumbe ulipokuwa: udhalimu hauzai malaika wa kisasi, unazai balaa linaloanza na walio karibu, kwa sababu walio karibu ndio wanaofikika. Mwendelezo umelifunza zimwi adabu. Sasa linajua wa kumla, linawapita wenzetu na kuwakamata wabaya, na mtazamaji aliye upande wa haki anaweza kulala usingizi. Filamu ya kutisha inayomwacha mtazamaji wake mwema alale usingizi imempa kitulizo, na ujumbe wake umepita juu ya kichwa chake kama ndege ya Lokichoggio.

Najua jibu litakalotolewa. Litasema kwamba ninalalamikia ujumbe wenyewe, ilhali fasihi ya Kiswahili imenyonyeshwa ujumbe tangu enzi za tendi, na kwamba mwalimu wa Shaaban Robert hana haki ya kukereka mhusika akihutubu. Tuchukue basi Kusadikika (1951). Karama anahutubu siku baada ya siku, na hotuba zake ni ndefu kuliko za Burke. Kwa nini tunamsikiliza? Kwa sababu amesimama kizimbani, mfalme anasikiliza, waziri anataka kichwa chake, na kila neno analolitamka laweza kuwa la mwisho. Msemaji analipia usemi wake. Wahusika wa DaCosta wanaozungumza juu ya wanyonge waliobomolewa nyumba wanazungumza ndani ya nyumba zilizojengwa juu ya mabomoko hayo, na usemi hauwagharimu hata glasi. Filamu inalijua hilo. Kuna kinaya kidogo pale mwanzoni, na kwa dakika kumi hivi nilidhani kinaya hicho ndicho kitakachokuwa kiini: kwamba Anthony, kwa kuchora mateso ya mtaa asioujua na kuyauza, ndiye tundu jipya nyuma ya kioo. Uzi huo ukaachwa. Filamu ina dakika tisini na moja tu na mambo mengi ya kueleza.

Afrika Mashariki haikosi mifano ya hofu iliyobeba maana bila kuifafanua. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini watu wa miji yetu walisimulia habari za mumiani na wazimamoto, waliokamata watu usiku na kuwanyonya damu, na mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu cha mwaka 2000. Magari ya zimamoto ya Nairobi yaliogopwa na watu ambao hawakuwa na nyumba ya kuzimiwa moto. Hapana msimulizi aliyeongeza kwamba damu ni mfano wa kodi au wa nguvukazi; angeongeza, hadithi ingekufa pale pale. Mwaka 1995 Popobawa alizuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, katika miezi iliyotangulia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kuzunguka moto. Ilisemekana kwamba Popobawa humwamuru aliyemdhuru awatangazie wengine, la sivyo atarudi. Msomaji aliyeiona Candyman atashtuka hapa, kwa kuwa filamu inamalizika kwa pepo kumwamuru Brianna awaambie watu wote. Amri ni ile ile, lakini matokeo yake ni tofauti sana. Aliyetangaza habari za Popobawa alitangaza aibu yake mwenyewe, na wasikilizaji wake hawakujua kama yeye ni mhanga au mwongo. Brianna anakabidhiwa kaulimbiu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kakuma, mwendo wa kilomita kama mia moja na ishirini kutoka Lodwar, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wangu wanaishi huko na walikuwa wameomba kuiona filamu ambayo wenzao waliicheka. Barabara imetengenezwa, na safari ambayo zamani ilimaliza siku sasa humaliza asubuhi. Hapa niseme jambo moja linalonikera. Katika vitabu na makala mengi ya Kiingereza imeandikwa kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo mahali. Silijui neno hilo, wala simjui Mswahili anayelijua, na lile lililo karibu nalo kwa umbo halitamkwi mbele ya wazee. Lakini mgeni mmoja aliandika, wa pili akanakili, na sasa ni kweli inayojitegemea. Wenyeji wa bonde la mto Tarach walikuwa na jina la mahali pao kabla kambi haijawekwa. Turkana yote imefanyiwa hivyo kwa muda mrefu: Waingereza waliifunga isiingilike bila kibali, wakamweka Kenyatta na wenzake Lokitaung mwaka 1953, kisha wakamhamishia Lodwar mwaka 1959, kwa hesabu kwamba mtu aliyewekwa huko hayupo popote. Nayo Cabrini-Green ilisimuliwa vivyo hivyo na watu ambao hawakuwahi kupanda ngazi zake, hadi kubomolewa kwake kukaonekana ni usafi.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, mwaka ule ule wa Candyman ya kwanza, kuwapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yaliongezwa kando yake. Machi 2021, miezi mitano kabla filamu haijatoka, serikali ya Kenya ililipa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi siku kumi na nne kuleta mpango wa kuzifunga Kakuma na Dadaab. Baadaye ikatajwa tarehe 30 Juni 2022. Tarehe hiyo ilipita na kambi hazikufungwa. Sisi tuliitazama filamu wiki chache kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo suala la nyumba kubomolewa na wakazi kutawanywa halikuhitaji tafsiri katika kibanda kile. Waliokuwamo walikuwa wamekwisha kuulizana nani atakwenda wapi.

Hadhira ya Kakuma ina sifa nyingine ambayo ni nadra. Tangu 2001, shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha sinema huko jioni, na pamoja na sinema za burudani zilikuja filamu za mafunzo: kipindupindu, elimu ya wasichana, ukatili majumbani. Watu waliolelewa hivyo huunusa ujumbe kutoka mbali kama ng'ombe anusavyo maji. Hawauchukii. Wanajua tu kwamba ujumbe ukifika, hadithi imepumzika, na huo ndio wakati wa kutoka nje kujinyosha.

Kibanda tulichokodi kilikuwa cha mabati, chenye mabenchi na jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta. Mwenyewe aliweka sharti kwamba mfasiri wake awepo, kwa kuwa wateja wake hawatazami filamu bubu, na kwake filamu isiyofasiriwa ni bubu. Kenya nzima inaifahamu kazi hiyo kupitia DJ Afro, na Uganda kupitia VJ Jingo: msimulizi mwenye maikrofoni huzungumza juu ya picha, akifasiri, akitania, akiongeza. Kijana huyu alimpachika pepo jina la Mzee wa Switi. Waliokuwa wakijadiliana na divai mkononi aliwafasiri kwa sentensi moja: "Hawa wanaongea mambo ya nyumba." Kisha akanyamaza hadi walipomaliza. Hotuba ya Burke aliipa sentensi mbili. Mahali picha zilipokuwa kimya, yeye ndipo alipozungumza sana. Anthony alipotembea kati ya zile nyumba za matofali zilizofungwa mbao madirishani, mfasiri alituambia nani aliishi mlango huu, nani mlango ule, mama gani aliuza maandazi pale pembeni, mtoto yupi alihama usiku bila kuaga. Hayo yote hayamo katika filamu. Kibanda kiliinama mbele kusikiliza.

Baada ya kumaliza, mwanafunzi wangu mmoja, mama wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu, aliuliza swali ambalo sijasoma lililo bora katika maandishi yote niliyoyaona kuhusu filamu hii. "Mwalimu, benye mahali bako wapi?" Wenye mahali wako wapi. Ni kweli. Filamu ya kuwatetea watu waliofukuzwa Cabrini-Green ina mkazi mmoja tu wa kweli wa Cabrini-Green ya sasa, Burke, na huyo hatimaye anageuzwa mwendawazimu anayemkata Anthony mkono kwa msumeno. Mama wa Anthony, aliyekuwa na chumba, jirani na mtoto katika filamu ya 1992, anapewa tukio moja la kutoa siri. Mtaa wenyewe umeachwa tupu ili upigwe picha. Filamu inalia kwamba watu wameondolewa, nayo ikawaondoa.

Kwa haki ya msanii, nitaje kilichonikaa rohoni. Visa vingi vya zamani katika filamu hii vinasimuliwa kwa vikaragosi vya karatasi na vivuli vyake, kazi ya kikundi cha Manual Cinema cha Chicago. Vijiti vinaonekana, wakati mwingine hata mikono ya washikaji, na vikaragosi havina nyuso. Wakati majina ya waliotengeneza filamu yanapita mwishoni, vivuli hivyo vinarudi kuonyesha watu waliouawa katika vipindi mbalimbali, pasipo neno. Katika kibanda cha Kakuma mfasiri aliweka maikrofoni chini. Hiyo ilikuwa mara pekee. Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni waliingia ndani na kukaa chini. Kama DaCosta angeiamini mbinu hiyo kwa dakika zote tisini, ningeandika insha nyingine kabisa, na pengine nisingeandika.

Muhula ulipoendelea niliwapa wanafunzi wa Kakuma zoezi: waandike hadithi ya kutisha ya mahali wanapoishi, pasiwe na mhusika anayeeleza maana yake. Nyingi zilikuwa za kawaida, fisi na makaburi. Moja sijaisahau. Mwandishi wake, kijana aliyezaliwa kambini, alitumia ubao wa matangazo ambako hubandikwa majina ya wanaoitwa kwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi za mbali. Katika hadithi yake jina la mtu aliyekwisha kufa linaanza kutokea ubaoni, wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu. Majirani wote waliokuwapo kwenye maziko wanalisoma. Hapana anayekwenda kusahihisha, kwa kuwa mjane na watoto wamekuwa wakipokea mgawo wa chakula kwa jina hilo, na kila jirani amewahi kuazima unga kutoka kwao. Wiki ya tano jina halipo. Usiku huo mlango wa mjane unabishwa, na anayebisha anajitambulisha kwa jina la mumewe.

Nilimrudishia karatasi na kumuuliza kama mjane alifungua. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake, akasema hadithi imeishia mlangoni.